Injini Zinywazo Gesi

Mwulize fundi yeyote wa gereji, awe wa Bukavu, wa Lubumbashi au wa Kisangani, injini yala nini, naye atakujibu bila kufikiri: esansi au mazuti. Jibu lake si baya, kwani ndivyo aonavyo kila siku. Lakini injini za kwanza kabisa (moteri, kama wasemavyo mafundi wetu) hazikuijua esansi wala mazuti. Zilizaliwa zikinywa gesi, tena gesi ya mchanganyiko, ambayo nusu yake hivi ilikuwa hidrojeni, na theluthi yake hivi metani. Esansi ilikuja baadaye.

Twalitaja jambo hilo mapema, maana siku hizi twasikia sana habari za kutia hidrojeni katika gesi ya asili na kuinywesha injini, kana kwamba ni uvumbuzi wa jana. Si wa jana. Kilicho kipya ni sababu ya kulifanya, na pamoja na sababu hiyo iko hesabu. Hesabu hiyo si ngumu, mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuifanya, lakini wengi wenye kuisifu hidrojeni huipita mbio. Sisi tutaifanya polepole pamoja na wasomaji wetu, baada ya kueleza kwanza kazi yenyewe ilivyo.

Ilivyoanza

Katika mwaka 1783 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Leuven, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, alikuwa akitafuta hewa nyepesi ya kupandishia baluni. Jina lake Jan Pieter Minckelers. (Wazee wetu wataikumbuka Leuven: ndiko kulikotoka waanzilishi wa chuo cha Lovanium, katika mji tuuitao sasa Kinshasa, mwaka 1954.) Minckelers aliyapasha moto makaa ya mawe ndani ya chombo kilichozibwa, yasipate hewa ya kuungulia, ikatoka gesi nyepesi, iwakayo vizuri. Mwaka 1785 alikiangaza kwa gesi hiyo chumba alichofundishia. Haikupita miaka thelathini, mji wa London ukawa na mabomba ya gesi chini ya barabara zake, na miji mingine ya Ulaya ikafuata.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakijaribu kuupata mwendo kutoka katika moto. Mwaka 1807 François Isaac de Rivaz, mtu wa Uswisi, alipata hati ya uvumbuzi kwa ajili ya mkokoteni wa ajabu: alitia hidrojeni na hewa katika silinda, akaziwasha kwa cheche ya umeme, nao mkokoteni ukasogea. Ulisogea hatua chache tu, lakini ulisogea.

Aliyeifanya injini kuwa kitu cha kuuzwa na kununuliwa ni Étienne Lenoir. Alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Mussy-la-Ville, ambacho leo kimo katika Ubelgiji. Hakupata masomo makubwa. Alikwenda Paris akiwa kijana, akawa mtumishi wa hoteli, kisha fundi wa kupaka vyombo vya chuma rangi ya kung'aa. Mwaka 1860 alipata hati ya injini yake, iliyokunywa ile gesi ya makaa ipitayo katika mabomba ya mji. Injini hizo ziliuzwa kwa mamia, zikaendesha mashine za kupigia chapa na pampu za maji. Zilikuwa lafi mno: katika kila sehemu mia za moto wa gesi, hazikugeuza kuwa kazi zaidi ya sehemu tano, nyingine zote zilipotea bure. Ndipo mwaka 1876 Nikolaus Otto, huko Deutz karibu na Köln, alipotengeneza injini ya mapigo manne, ishindiliayo hewa na gesi kabla ya kuziwasha. Hiyo nayo ilikunywa gesi ya mabomba. Magari yetu yote ya esansi ni wajukuu wake.

Kwa nini basi gesi ikaachwa? Si kwa sababu yawaka vibaya, bali kwa sababu haibebeki. Lita moja ya esansi yaingia katika chupa. Ukitaka kupata nguvu hiyohiyo katika metani isiyoshindiliwa, wahitaji karibu lita 900. Na katika hidrojeni, lita 3000 hivi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, esansi ilipoadimika katika Ulaya, mabasi ya miji yalibeba mifuko mikubwa ya gesi juu ya paa, kama mtu aliyejitwika godoro, na baada ya mwendo mfupi yalirudi kujazwa tena.

Gesi mbili, tabia mbili

Gesi ya asili ni ile itokayo ardhini au chini ya maji pasipo kutengenezwa na mtu, na sehemu yake kubwa ni metani. Kila chembe ya metani ni kaboni moja iliyoshikana na hidrojeni nne. Ikiwaka huacha maji na kaboni dioksidi, ile hewa inayoongeza joto la dunia. Hidrojeni ikiwa peke yake haina kaboni. Kwa hiyo ikiwaka huacha maji matupu. Hapo ndipo ilipo sifa yake yote.

Lakini tabia zao zatofautiana sana. Mama awashaye jiko alfajiri ajua tofauti ya kuni mbichi na majani makavu. Metani ni kama kuni mbichi. Haikubali kuwaka ila ikiwa kati ya sehemu 5 na 15 katika mia ya hewa. Ikipungua au ikizidi, moto wazimika. Tena moto wake hutembea polepole, karibu sentimeta 40 kwa sekunde katika hewa iliyotulia. Hidrojeni ni majani makavu. Yawaka toka sehemu 4 hata 75 katika mia. Moto wake waenda zaidi ya meta mbili kwa sekunde. Na cheche ya kuiwasha haihitaji hata sehemu moja ya kumi ya nguvu itakiwayo na metani. Cheche ndogo itokayo katika nguo ya nailoni yatosha.

Ukizichanganya kwa busara, majani makavu huzisaidia kuni mbichi. Ukizichanganya pasipo busara, utaunguza nyumba.

Kazi ya fundi

Wanafunzi wa shule za ufundi wayajua mapigo manne: pistoni yashuka, yavuta hewa na gesi; yapanda, yazishindilia; bujii yatoa cheche, moto waitupa pistoni chini; yapanda tena, yasukuma moshi nje. Hebu tutazame yale yanayobadilika hidrojeni iingiapo.

La kwanza ni nafasi. Mchanganyiko ukiwa wa kipimo kamili, metani hukalia karibu sehemu 10 katika mia ya silinda, hali hidrojeni hukalia karibu sehemu 30. Mahali palipokaliwa na gesi hapakaliwi na hewa, na pasipo hewa hapana moto. Ndiyo maana injini ileile ikinywa hidrojeni nyingi hulegea, isipokuwa imefungiwa turbo yenye nguvu ya kuisukumia hewa zaidi.

La pili ni wakati wa cheche. Kwa kuwa moto wa metani watembea polepole, bujii hutoa cheche kabla pistoni haijafika juu, ili moto uwahi. Hidrojeni haihitaji kungojewa hivyo. Fundi asiporudisha nyuma wakati wa cheche, moto utaikuta pistoni ingali yapanda na kuipiga usoni. Injini hugonga, na ikigonga sana huvunjika.

La tatu limewasumbua mafundi zaidi ya yote, nalo ni moto kuwaka usipoitwa. Ncha ya bujii iliyokuwa nyekundu, kipande cha masizi, mlango wa kutolea moshi uliopata joto mno: chochote katika hivyo chatosha kuiwasha hidrojeni kabla ya wakati, pengine mlango wa kuingizia ungali wazi. Hapo moto hukimbia kurudi katika bomba la kuingizia na kupasuka kwa mshindo kama bunduki. Zamani gesi na hewa vilichanganywa mbali, katika kabureta, nalo bomba zima likajaa mchanganyiko uliongojea tu moto. Siku hizi gesi hupulizwa karibu kabisa na silinda, kwa kipuliza kinachofunguliwa na umeme wakati pistoni yaanza kuvuta, hata pasibaki kitu cha kuwaka katika bomba. Bujii nazo huchaguliwa zile zipoazo upesi, zisizo na platini, kwa sababu platini huichochea hidrojeni kuwaka.

Tena moto wa hidrojeni hupenya mahali pembamba. Moto wa metani huzimika katika ufa wa milimeta mbili. Wa hidrojeni huendelea hata katika ufa wa milimeta 0.6. Hukaribia sana kuta za silinda na kuzipasha joto. Hidrojeni isiyowaka nayo hupita kando ya ringi za pistoni, ikashuka katika sanduku la chini penye mafuta ya kulainisha, ikajikusanya humo. Kwa hiyo sanduku hilo sharti lipitishiwe hewa. Na chuma chenyewe? Chembe za hidrojeni ni ndogo kuliko zote, huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike kama kijiti kikavu. Bomba lililofaa kwa metani miaka ishirini laweza lisiifae hidrojeni.

Msomaji atauliza: je, haya yote ni lazima hata kwa hidrojeni kidogo? La. Kiasi kikiwa cha sehemu 10 au 20 katika mia, injini nyingi za gesi za siku hizi huhitaji hasa kurekebishiwa wakati wa cheche na kipimo cha hewa. Kadiri hidrojeni izidivyo, ndivyo orodha ya vyuma vya kubadilishwa iongezekavyo. Mwaka 2020, mjini Hamburg katika Ujerumani, injini ya megawati moja iliyokuwa ikinywa gesi ya asili ilibadilishwa hata ikaweza kwenda kwa hidrojeni tupu. Basi yawezekana. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya kiwanda, si ya uani.

Faida iliyo ya kweli

Twapenda kusema wazi kwamba faida ipo. Injini ya gesi huenda vizuri zaidi ikipewa hewa nyingi kuliko kipimo: moto hupoa kidogo, nazo oksidi za nitrojeni, zile hewa zikerazo mapafu, hupungua. Tatizo ni kwamba metani ikizungukwa na hewa nyingi mno husitasita; pigo moja lawaka, la pili halikuwaka vema, na metani isiyoungua yatoka nje pamoja na moshi. Hasara hiyo ni kubwa kuliko idhaniwavyo, maana metani, kilo kwa kilo, hunasa joto la jua zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi kwa muda wa miaka 20. Hidrojeni kidogo huushika moto usisite. Injini yaweza kupewa hewa nyingi, ikaenda kwa utulivu, ikaacha metani kidogo zaidi katika moshi.

Ila hapo pana mtego. Mtu akiongeza hidrojeni bila kuongeza hewa, moto huwa mkali zaidi, na oksidi za nitrojeni zaongezeka badala ya kupungua. Hidrojeni peke yake haisafishi kitu. Fundi ndiye asafishaye.

Mfano ulio karibu nasi

Watu wa Goma, wa Bukavu na wa Idjwi wana gesi ya asili mbele ya macho yao. Mwaka 1935 mtaalamu Mbelgiji Hubert Damas alianza kuyachunguza maji ya chini ya Ziwa Kivu, akakuta gesi nyingi zimeyeyuka ndani yake. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kama kilometa 60 za mchemraba za metani, na za kaboni dioksidi kama 300. Hazina hiyo ni hatari vilevile: mwaka 1986, katika Kameruni, ziwa dogo la Nyos lilitoa kaboni dioksidi ghafula usiku, wakafa watu 1700 hivi. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, na watu wanaokaa kandokando yake ni mamilioni.

Tangu mwaka 1963 kiasi kidogo cha metani hiyo kilivutwa Cap Rubona, upande wa Rwanda, kikapasha moto mitambo ya mvuke ya kiwanda cha bia cha Gisenyi. Kazi kubwa zaidi ilianza mwishoni mwa mwaka 2015 huko Karongi, palipoitwa Kibuye. Jukwaa lielealo ziwani lavuta maji kutoka kina cha zaidi ya meta 300; maji yakipanda, gesi zachomoza kama katika chupa ya limonadi iliyofunguliwa; zaoshwa kwa maji ili kaboni dioksidi ipungue, kisha metani yafika ufukoni kwa bomba. Hapo injini tatu zilizotengenezwa na kiwanda cha Wärtsilä cha Ufini zageuza metani kuwa umeme, megawati 26 hivi. Upande wetu, serikali ya Kongo ilitangaza mnada wa sehemu tatu za gesi ya ziwa katika mwaka 2022.

Injini za Karongi zanywa metani ya ziwa, si hidrojeni. Lakini mwaka uleule wa 2022, mwezi wa Oktoba, injini ya kiwanda hichohicho cha Wärtsilä, kubwa kuliko zile, yenye megawati 18 hivi, ilijaribiwa katika jimbo la Michigan, Marekani. Ni injini ya kutoa umeme kwa gesi ya asili, nayo haikubadilishwa chuma chochote. Walianza kwa hidrojeni kidogo, wakapanda hatua kwa hatua hata sehemu 25 katika mia. Kwa sehemu 17 injini iliweza kubeba mzigo wake wote. Kwa sehemu 25 ilibeba sehemu 95 katika mia ya mzigo. Kwa injini iliyoumbwa kwa chakula kingine, hilo si jambo dogo.

Hesabu tuliyoahidi

Sasa tuchukue kalamu. Lita moja ya metani yatoa moto wa kilojuli 36 hivi. Lita moja ya hidrojeni yatoa 11 tu, maana ni nyepesi mno. Ukiipima kwa kilo yaishinda metani zaidi ya mara mbili, lakini silinda haipimi kwa kilo, yapima kwa nafasi.

Tuchukue lita 100 za mchanganyiko: lita 80 za metani na 20 za hidrojeni. Metani yatoa 80 mara 36, yaani 2880. Hidrojeni yatoa 20 mara 11, yaani 220. Jumla 3100. Katika hiyo, sehemu ya hidrojeni ni 220, ambayo ni karibu 7 katika mia.

Basi muuzaji asemapo «sehemu ishirini katika mia ni hidrojeni», asema kweli, lakini kaboni dioksidi imepungua kwa sehemu saba tu. Mtu akitaka kuipunguza kwa nusu, yampasa kuweka hidrojeni lita 77 hivi katika kila lita 100. Na injini ya namna hiyo si injini ya gesi iliyotiwa hidrojeni, bali ni injini ya hidrojeni iliyotiwa gesi, pamoja na vyuma vyote vipya tulivyovitaja. Hatusemi hivyo kwa kudharau sehemu saba. Twasema kwa kuwa mikataba huandikwa kwa lita na faida huhesabiwa kwa moshi, na asiyejua kugeuza moja kuwa nyingine atalipia ishirini apate saba.

Mabasi ya Delhi ni mfano mwema wa kupimia. Mji huo wa Uhindi ulikuwa na moshi wa kutisha. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliamuru mabasi yote yaache mazuti, yanywe gesi ya asili iliyoshindiliwa, na kufikia mwisho wa 2002 amri hiyo ilikuwa imetimizwa. Oktoba 2020 walipiga hatua nyingine: mabasi 50 ya kituo cha Rajghat yalianza majaribio ya miezi sita kwa gesi yenye hidrojeni sehemu 18 katika mia. Kwa watu wapumuao barabarani, gesi iwakayo vizuri zaidi ni neema. Kwa hesabu yetu, hata hivyo, 18 kwa lita ni 6 hivi kwa moto. Tena hidrojeni hiyo ilitengenezwa palepale kituoni kwa kuichoma gesi ya asili pamoja na mvuke. Kaboni iliyokuwa katika gesi haikutoweka, ilipita njia nyingine tu.

Yatoka wapi?

Hidrojeni haichimbwi kama mkaa. Karibu yote itumiwayo duniani hutengenezwa kwa gesi ya asili au kwa makaa ya mawe, na katika kutengenezwa huko kaboni dioksidi nyingi hutoka. Njia safi ni kuyapasua maji kwa umeme, lakini njia hiyo yala umeme. Kilo moja ya hidrojeni yataka uniti 50 hadi 55 za umeme. Ukiichoma kilo hiyo katika injini nzuri iendeshayo jenereta, utapata uniti 13 hivi. Robo yarudi, robo tatu zimekwenda na upepo.

Kwa sababu hiyo twaona ni upuuzi kuuchukua umeme wa maporomoko ya Ruzizi au ya Inga, kuugeuza hidrojeni, kisha kuichoma hidrojeni ili kupata umeme, wakati nyumba za jirani zina giza. Penye umeme uliozidi, ambao hapana mtu wa kuutumia saa hiyo, shauri ni jingine. Penye chombo kisichoweza kuburuta waya, shauri ni jingine tena. Katika bandari ya Antwerp, tangu mwaka 2023, iko meli ya kuvutia meli nyingine, Hydrotug 1. Ina injini mbili zilizotengenezwa Gent, megawati mbili kila moja, zinywazo hidrojeni na mazuti pamoja: tone la mazuti lawaka kwanza kwa joto la kushindiliwa, nalo lawasha hidrojeni. Yabeba kilo 415 za hidrojeni katika mitungi 54. Meli kama hiyo haiwezi kufungwa waya, na haina nafasi ya betri za kutosha kwa kazi nzito ya siku nzima.

Hapa tuonye juu ya jambo linalozunguka katika masoko yetu. Wako watu wauzao vyupa vyenye maji, waya na vibamba vya chuma, wakiahidi kwamba gari «litakwenda kwa maji». Kifaa hicho chapata umeme katika betri ya gari. Betri yapata umeme kwa injini. Injini yapata nguvu kwa esansi. Hidrojeni itokayo humo yarudisha pungufu ya ile nguvu iliyotumika kuipata. Kilicho ndani ya chupa hakiwezi kuwa chakula cha injini, maana maji ni majivu ya hidrojeni: ni kile kinachobaki baada ya hidrojeni kuungua. Nani awezaye kupika ugali kwa majivu? Baba aliyeuza mbuzi wawili ili anunue chupa kama hiyo amepoteza mbuzi wawili.

Gesi ya asili iliyoshindiliwa ni habari nyingine. Katika Dar es Salaam, ambako gesi ya Songo Songo ilifika mwaka 2004, twaona magari ya abiria na bajaji zilizobadilishwa kunywa gesi, na wenye magari wapata nafuu ya kweli katika matumizi yao. Mnada wa ziwani ukizaa matunda, huenda siku moja kazi hiyo ikafika Goma na Bukavu, na vijana walio sasa katika shule za ufundi ndio watakaofungua bujii hizo. Nao wajue mapema kwamba mtungi si mtungi tu. Gesi ya jikoni tunayonunua madukani si metani. Ni propani na butani, ambazo hugeuka kuwa maji zikibanwa kidogo, na mtungi wake hustahimili bar kama kumi za kila siku. Metani ya gari hushindiliwa kwa bar 200. Hidrojeni kwa bar 350, au hata 700. Gurudumu la gari dogo lina bar mbili na nusu. Mtu atiaye metani ya bar 200 katika mtungi wa jikoni ametengeneza bomu.

Na katika gereji, gesi hizi hazitoki kwa njia moja. Propani na butani ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hulala chini, zikaingia katika shimo la fundi kama maji. Metani ni nyepesi, hupanda. Hidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, hupanda upesi na kujificha chini ya bati. Haina harufu, na moto wake wakati wa mchana hauonekani vizuri kwa macho. Kwa hiyo penye metani au hidrojeni matundu ya hewa huwekwa juu kabisa, karibu na paa, tena taa na swichi zisiwe mahali hapo. Penye gesi ya jikoni matundu huwa chini, usawa wa sakafu. Na penye gesi zote mbili, juu na chini.